Mwani wa Bahari na Chumvi ya Jikoni

Mtu aliyezaliwa Kampala aweza kuishi hata akaota mvi bila kuuona mwani. Ziwa Viktoria analitazama kila siku kutoka vilimani, lakini ziwa si bahari: maji yake hayana chumvi, nayo mimea yake ni mingine. Kutoka hapo hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na mji wenyewe umejengwa juu ya vilima vilivyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Askari wengi wa Uganda waliuona mwani kwa mara ya kwanza walipopelekwa Mogadishu, kuanzia Machi 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika. Waliukuta umetupwa ufuoni na mawimbi, wenye utelezi na shombo, wala hawakudhani kwamba ni kitu cha kutiwa sufuriani. Baadaye mmoja wao husimulia alivyosikia kwamba Wajapani huula kila siku, na wenzake kambini hucheka mpaka wakashika mbavu. Majani ya bahari! Mbuzi naye atakula nini?

Kicheko hicho kina haki yake, lakini hakijibu swali. Mwani ni chakula, tena chakula cha kale, nao una kitu ambacho udongo wa sehemu nyingi za Uganda unakikosa. Kitu hicho huhitajiwa na mwili kwa kiasi kidogo mno, hata jicho haliwezi kukiona, na kukosekana kwake kumewanyang'anya watoto wengi sehemu ya akili zao kabla hawajazaliwa. Mama wa nyumbani wa Kampala hana haja ya kuutafuta mwani wenyewe. Ana haja ya kujua kilichomo ndani yake, kilivyofika jikoni mwake kwa njia nyingine, na jinsi kinavyoweza kupotea pale pale jikoni.

Mwani uko wa namna nyingi, nao wataalamu huugawa kwa rangi: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Wajapani wana ule mwekundu uitwao nori, ambao hukaushwa ukawa kama karatasi nyeusi na kuviringishiwa wali; na wana ule wa kahawia uitwao kombu, ambao huchemshwa ili kupata mchuzi. Wakorea na Wachina nao huula kwa wingi. Wala si watu wa Asia peke yao: katika Wales watu huupika hadi ukawa kama uji mzito mweusi na kuula asubuhi, na katika Ayalandi huutafuna mkavu. Mwani mbichi, kama zilivyo mboga nyingi, sehemu yake kubwa ni maji. Ukikaushwa hubaki nyuzinyuzi zenye manufaa kwa tumbo, kalisi, chuma, magnesi, na mafuta kidogo sana. Nori iliyokauka ina protini inayofikia karibu theluthi ya uzito wake, na hata vitamini B12, ambayo kwa kawaida hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai.

Sifa hizo ni za kweli, lakini hupendwa kutiwa chumvi. Hakuna mtu alaye nusu kilo ya nori kavu. Huliwa gramu chache tu. Kwa protini na chuma, sahani ya maharagwe na fungu la dodo kutoka soko la Nakawa humfaa mtoto kuliko karatasi mbili za mwani, tena kwa bei ambayo mshahara wa askari waweza kuistahimili.

Afrika Mashariki nayo ina mwani wake. Katika kisiwa cha Unguja, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Maji yakupwapo huingia baharini, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, na baada ya wiki kadhaa huuvuna na kuuanika. Kazi hiyo ni ya kuinama juani na majini, na malipo yake hayalingani na jasho lake. Sehemu kubwa ya mwani huo haikuliwa Unguja. Iliuzwa ng'ambo, ambako hutolewa utomvu unaogandisha vitu. Utomvu huo huingia katika aiskrimu, dawa ya meno na vyakula vingine vya kiwandani. Kwa hiyo mtoto wa Kampala anayelamba aiskrimu siku ya sikukuu huenda ameonja mwani bila kuambiwa. Katika miaka ya karibuni wanawake wa Zanzibar wameanza kutengeneza sabuni, juisi na kachumbari za mwani, na wageni wa mahoteli huzipenda.

Lakini jambo kubwa la mwani liligunduliwa kwa ajili ya vita. Mwaka 1811 Ufaransa ya Napoleon ilikuwa ikipigana na nusu ya Ulaya, na baruti ilihitaji shura. Mtu mmoja jijini Paris, jina lake Bernard Courtois, alikuwa akitengeneza shura kwa kutumia majivu ya mwani. Siku moja alitia asidi nyingi kupita kiasi katika masalio ya majivu hayo, akaona moshi wa rangi ya zambarau ukipanda, na moshi huo ulipogusa chombo baridi uligeuka chembe nyeusi zinazong'aa. Wanasayansi waliipa chembe hiyo jina kutoka neno la Kiyunani la rangi ile ya zambarau. Ndiyo iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto, na ambayo kila askari aliyewahi kupakwa dawa ya kahawia kwenye jeraha anaijua kwa harufu na kwa uchungu wake. Hazikupita hata miaka kumi, mwaka 1820, daktari Coindet wa Geneva akaanza kuitumia kutibu rovu, yaani ule uvimbe wa shingo uliowapata watu wengi wa milima ya Uswisi.

Shingoni, chini kidogo ya koo, kila mtu ana tezi yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hiyo hutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, kukua kwa mifupa na kujengeka kwa ubongo, na haiwezi kuzitengeneza bila iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha anahitaji 250. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukipiga hesabu ya mtu aishiye miaka 60 baada ya kukua, iodini yote atakayoihitaji ni kama gramu tatu na kitu, haijazi hata kijiko cha chai. Lakini mwili hauwezi kuiweka akiba ya miaka mingi. Lazima iletwe kidogo kidogo, siku kwa siku.

Ikikosekana, tezi hujitahidi na kuvimba, na rovu hutokea. Hilo ndilo jambo linaloonekana, na kwa kweli ndilo dogo. Kubwa hutendeka tumboni mwa mama. Mtoto asiyepata iodini ya kutosha katika miezi ya mimba aweza kuzaliwa kiziwi, mfupi wa kimo, mzito wa akili, na hakuna dawa itakayomrudishia alichokosa. Wengine, ambao ni wengi zaidi, huzaliwa wakiwa na sura njema na viungo kamili, lakini wanapofika darasani huonekana wazito wa kushika. Mtoto wa namna hiyo huchapwa kwa uvivu asiokuwa nao.

Bahari ndiyo ghala ya iodini. Karibu na pwani, upepo na mvua huirudisha kidogo nchi kavu. Lakini katika nchi za mbali, hasa za milima, mvua imeuosha udongo kwa maelfu ya miaka na kuibeba iodini yake mtoni. Mazao ya udongo kama huo hayana iodini, na ng'ombe alaye nyasi zake huwa na maziwa yasiyo nayo. Hiyo ndiyo sababu rovu ilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Uganda, mpaka wazee wengine waliidhania kuwa ni alama ya ukoo. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huongeza taabu, kwa kuwa sumu yake ikiingia mwilini huizuia tezi kuitumia hata ile iodini kidogo iliyopo. Watoto wa shule walipochunguzwa mwaka 1991 katika sehemu mbalimbali za Uganda, takriban robo tatu yao walikutwa na tezi zilizovimba, baadhi kwa kiasi cha kuonekana na wengine kwa kupapaswa na daktari tu.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Watu wengi hudhani kwamba chumvi itokayo baharini ina iodini kama mwani. Sivyo. Lita nzima ya maji ya bahari ina mikrogramu 60 hivi tu, na maji yanapokauka juani hata hiyo haibaki yote katika chumvi. Mwani ni hodari kwa sababu huifyonza iodini kutoka majini na kuilimbikiza mwilini mwake mara maelfu. Chumvi haina ustadi huo, hivyo hutiwa iodini kiwandani. Uswisi ilianza mwaka 1922, na jimbo la Michigan katika Marekani likafuata mwaka 1924. Uganda iliweka amri yake katika miaka ya 1990, kwamba chumvi ya kuliwa iwe na iodini. Nchi yenyewe huagiza chumvi yake nyingi kutoka pwani ya Kenya, kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi, kwa hiyo amri iliweza kusimamiwa pale mpakani mizigo inapoingia. Miaka haikuwa mingi, na kufikia uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011, zaidi ya nyumba 95 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye iodini. Kazi chache za afya zimefanikiwa kwa haraka namna hiyo, na kwa gharama ndogo namna hiyo.

Hata hivyo Uganda ina chumvi zake za asili, nazo zina heshima yao. Kule Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake wamechuja udongo wa chumvi na kuuchemsha kwa zaidi ya miaka 700. Katwe katika wilaya ya Kasese (si ile Katwe ya Kampala ya mafundi wa vyuma) ina ziwa la chumvi ambalo wafalme waligombania, na Kapteni Lugard alijenga ngome pale mwaka 1891 kwa sababu hiyo hiyo. Chumvi hizo zimelisha watu na mifugo tangu zama. Iodini ya kutosha hazina.

Jambo hilo lilileta mashauri katika nyumba moja ya kambi ya polisi mjini Kampala. Mke wa koplo, mwenye mimba ya miezi minne, alitembelewa na mama mkwe wake kutoka Kasese. Mama huyo alileta ndizi, karanga, na kifuko cha mawe ya chumvi ya Katwe, akaamuru kwamba mchuzi wa nyumba ile usitiwe kitu kingine.

"Mwanangu," alisema, "chumvi hii ndiyo iliyomlea mume wako. Hiyo ya pakiti ni unga wa dukani tu."

"Nimesikia, mama," akajibu mkwe wake, naye hakuongeza neno, kwani mama mkwe hajibishwi. Lakini siku ya kliniki alimwomba mama wafuatane, na huko akamweleza mkunga habari yote mbele yake, kwa adabu, kana kwamba anauliza yeye tu.

Mkunga, mwanamke wa makamo, alimgeukia yule mama kwanza. "Mama, chumvi yako haina kosa, na hapa hakuna atakayeidharau. Ila huyu sasa anakula kwa ajili ya wawili, na ubongo wa mjukuu wako unajengwa mwezi huu huu. Chumvi ya Katwe haina dawa ya shingo. Hii ya pakiti wameitia."

"Dawa ya shingo?" aliuliza mama.

Mkunga aligusa koo lake, akaeleza. Mama mkwe alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba dada yake mkubwa, aliyeolewa juu mlimani, alikuwa akifunga kitambaa shingoni hata wakati wa jua kali, na kwamba kati ya watoto wake wawili walikuwa hawasikii. Watu walisema amerogwa. Tangu siku ile hakurudia neno la unga wa dukani, na mawe ya Katwe yakarudishwa Kasese kwa ng'ombe.

Lakini mkwe naye hakutoka bila somo. Mkunga alipomwuliza anaiweka wapi chumvi yake, alijibu kwamba ameimimina katika kopo lisilo na kifuniko, kando ya sigiri, ili isishike maji. Hivyo ndivyo wengi wafanyavyo, na hivyo ndivyo iodini inavyopungua. Joto, jua na unyevu huiondoa kidogo kidogo. Chumvi yafaa kuwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto na dirisha, na kuchotwa kwa kijiko kikavu. Katika nyumba za mabati, ambazo mchana huwa kama tanuri, yafaa chombo kiwe chini, upande usiopigwa na jua. Duniani wako wapishi wanaoiosha chumvi ya mawe ili kuondoa mchanga. Wakiosha, iodini huenda na maji. Na mboga itiwe chumvi karibu na kuepua, si tangu maji yawekwapo motoni. Mpishi wa mesi anayepikia askari mia mbili sufuria ya maharagwe kwa saa tatu, akatia chumvi mwanzo, huwapa ladha ileile na iodini pungufu.

Wala haifai kwa sababu hiyo kuzidisha chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisicho na kilele, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Hesabu yenyewe ni nzuri: chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo humpa mtu mikrogramu 150 katika gramu hizo tano, ndicho kiasi kile kile anachohitaji. Askari aliyepimwa shinikizo akaambiwa apunguze chumvi apunguze kweli, ila hiyo kidogo atakayobaki nayo iwe yenye iodini. Mayai na maziwa humwongezea kidogo. Mukene wa ziwani hana iodini nyingi kama samaki wa bahari, lakini kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, hutoa kalisi na protini za kutosha kuwaaibisha wanaomwona kuwa chakula cha kuku.

Siku hizi mwani mkavu hupatikana Kampala katika baadhi ya maduka makubwa na mikahawa ya vyakula vya Asia. Aliyeonja nori akaipenda hana la kuogopa. Kombu ni jambo jingine: gramu moja yake yaweza kuwa na mikrogramu 2,000 za iodini au zaidi, kiasi cha wiki mbili, na iodini ikizidi mno tezi huvurugika vilevile. Katika pwani ya Hokkaido, Japani, wataalamu waliwakuta watu wenye rovu iliyotokana na kula mwani huo kupita kiasi. Mwenye mimba na mgonjwa wa tezi wasiule bila kumwuliza daktari. Na ule mweusi wa vijiti vyembamba uitwao hijiki ni heri uachwe dukani. Serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake mwaka 2004 wasiule, kwa kuwa una aseniki, ambayo ni sumu.

Liko onyo moja zaidi, nalo lahusu wakazi wa Ggaba, Munyonyo na pwani yote ya Ghuba ya Murchison. Majira mengine maji ya ziwa hugeuka kijani kama rangi ya kupaka, na utando mzito hukusanyika kando. Huenda mtu aliyesikia sifa za mwani, au aliyesikia kwamba wanawake wa Kanem karibu na Ziwa Chad huvuna utando wa kijani na kuukausha uwe chakula, akadhani kwamba Kampala nayo ina hazina hiyo mlangoni. Ule wa Kanem ni wa namna nyingine, na huota katika maji ya magadi. Huu wa Ggaba hustawi kwa uchafu unaoshuka na mfereji wa Nakivubo, na mara nyingi una sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Maji ya namna hiyo yasinywewe wala kupikiwa hata yakichemka saa nzima, watoto wasiogelee humo, na samaki aliyevuliwa hapo atolewe matumbo yote na kuoshwa kwa maji safi ya bomba kabla hajafika sufuriani.